KESI YA JINAI HAIANZI UPYA KILA IKIPANDA



Katika mikutano ya vikundi tunasikia neno moja likirudiwa: "Kesi ikiharibika kwa hakimu si kitu, tutaenda mbele mpaka Nairobi." Wengine wanalisema wakiwa jamaa wa mshtakiwa. Wengine ni jamaa wa aliyeumizwa. Wote wanaamini kwamba korti za juu zitasikiliza maneno yote tena tangu mwanzo, mashahidi wataitwa tena, na majaji wa Nairobi wataamua kana kwamba hakuna aliyeamua kabla yao.

Mambo hayako hivyo. Na kwa sababu watu hawajui, hasara ni kubwa. Shahidi anaitwa Garissa mara ya kwanza, haendi, anangoja "korti ile kubwa". Aliyefungwa anakaa miezi bila kukata rufaa. Mzee anauza ngamia kulipia rufaa juu ya jambo ambalo korti ile haina ruhusa ya kulisikiliza. Katika somo hili tutaangalia korti za juu za Kenya zimegawanyaje kazi ya kesi za jinai, na mgawanyo huo unatuambia tufanye nini hapa chini.

KESI YA JINAI NI YA NANI?

Kwanza tukumbushane. Kesi ya madai ni kati ya mtu na mtu: deni, shamba, mkataba. Kesi ya jinai ni ya serikali dhidi ya anayedaiwa kuvunja sheria: wizi, kujeruhi, kunajisi mtoto, kuua. Hata kama mbuzi walioibwa ni wako, mwenye kesi ni Jamhuri, na anayeiendesha ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kupitia viongozi wake wa mashtaka. Wewe ni mlalamishi na shahidi.

Hii haina maana kwamba huna sauti. Sheria ya kulinda waathiriwa ya 2014 inampa aliyeumizwa haki ya kusikilizwa, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi kupitia wakili wake. Lakini uamuzi wa kushtaki na wa kuendesha mashtaka unabaki kwa Mkurugenzi huyo.

NGAZI NNE

Hapa majina yanachanganya watu wengi, kwa hiyo tuende polepole. Kuanzia chini kwenda juu:

1. Korti ya hakimu. Kesi nyingi za jinai huanzia hapa. Kwa miaka mingi mahakimu wa Garissa wamekuwa pia wakienda Dadaab na korti ya kuzunguka.

2. Mahakama Kuu. Jina lisikudanganye: inaitwa Kuu lakini juu yake kuna nyingine mbili. Garissa mjini tunayo.

3. Mahakama ya Rufaa. Iliundwa mwaka 1977, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika pamoja na mahakama yake ya rufaa. Kesi kwa kawaida husikilizwa na majaji watatu.

4. Mahakama ya Juu. Ililetwa na Katiba ya 2010 na ikaanza kazi 2011. Ina majaji saba, na wakisikiliza kesi hawapungui watano.

Na Kadhi je? Mahakama ya Kadhi ni korti ya kweli, imo ndani ya Katiba. Lakini kazi yake ni ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu kati ya Waislamu waliokubali kwenda mbele yake. Kesi ya jinai hapewi Kadhi, hata kama pande zote ni Waislamu.

Wazee wetu wana sababu ya kuziona korti kama kitu cha mbali. Kaskazini Mashariki ilikaa chini ya sheria ya hali ya hatari tangu mwisho wa 1963 mpaka 1991, na kwa wengi serikali maana yake ilikuwa askari na D.C. Mtu aliyekulia nyakati zile hakufundishwa rufaa ni nini. Ndio maana tunalifundisha sasa.

KILA NGAZI NA SWALI LAKE

Tuchukue mfano. Ni mfano tu, hauhusu mtu yeyote. Wachungaji wawili wanagombana kisimani nani anyweshe kwanza. Mmoja anamkata mwenzake kwa panga.

Aliyekatwa akipona, shtaka linaweza kuwa kujeruhi vibaya. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha, lakini kesi itaanzia kwa hakimu. Akifa na shtaka likawa mauaji, kesi itaanzia Mahakama Kuu mbele ya jaji. Kisima ni kile kile, panga ni lile lile, lakini mlango wa kuingilia umebadilika.

Msifikiri basi kwamba kila jambo zito huanzia Mahakama Kuu. Wizi wa mabavu una adhabu ya kifo katika sheria, lakini husikilizwa kwanza na hakimu. Kesi ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, ilisikilizwa na hakimu huko Nairobi na hukumu ikatolewa 2019, kwa kuwa mashtaka yaliletwa chini ya sheria ya ugaidi. Kinachoamua mlango ni jina la shtaka.

Sasa tufuate safari ya kesi iliyoanzia kwa hakimu.

Kwa hakimu swali ni: Ni nini kilitokea? Hapa ndipo mashahidi wanaonekana kwa macho. Hakimu anamsikia shahidi, anamwona akisitasita au akisema kwa uhakika. Anapokea panga, fomu ya P3 ya daktari, na maelezo ya polisi.

Mahakama Kuu, katika rufaa ya kwanza, swali ni: Je, hakimu aliupima ushahidi vizuri na kufuata sheria? Jaji anasoma maandishi yote ya kesi na kuupima ushahidi upya. Wajibu huu ulithibitishwa tangu 1972 na mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki ya wakati ule, katika kesi ya Okeno ambayo majaji huitaja mpaka leo. Lakini jaji anasoma karatasi. Mashahidi hawaiti tena ila kwa sababu maalum, na lazima akumbuke kwamba yeye hakuwaona wakizungumza.

Mahakama ya Rufaa, katika rufaa ya pili, swali limebaki moja: Je, sheria ilikosewa? Kifungu cha 361 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinasema mahakama hii haitasikiliza jambo la ukweli wa tukio. Tena kinasema ukali wa adhabu unahesabiwa kuwa jambo la ukweli, si la sheria. Kwa hiyo ukienda pale kusema "yule shahidi alidanganya" au "miaka ishirini ni mingi mno", mlango kwa kawaida umefungwa.

Mahakama ya Juu, kesi ya jinai ya kawaida haifiki. Kifungu cha 163 cha Katiba kinaacha milango miwili tu. Wa kwanza: kesi inahusu kufasiri au kutumia Katiba. Wa pili: Mahakama ya Rufaa au Mahakama ya Juu yenyewe imethibitisha kwamba jambo lile ni la umuhimu kwa umma wote, si kwa wenye kesi peke yao.

Na kesi ya mauaji, ambayo imeanzia Mahakama Kuu? Hiyo rufaa yake ya kwanza inakwenda Mahakama ya Rufaa. Hapo majaji wanaangalia ukweli na sheria pia, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza uamuzi unapitiwa. Kwa hiyo Mahakama ya Rufaa ina kofia mbili. Kabla ya kuingia, lazima ujue siku hiyo imevaa ipi.

Mnaona basi? Kesi ni kama mtungi unaobebwa kutoka kisimani. Kila hatua maji yanapungua, hayaongezeki. Kisichojazwa kisimani hakitajazwa njiani.

MAHAKAMA ZA JUU ZENYEWE ZIMEVUTANA

Msidhani mpaka huu ulikuwa wazi siku zote. Majaji wenyewe wamevutana juu yake, na watu waliofungwa wamepanda na kushuka na mvutano huo. Angalieni adhabu ya kifo.

Sheria ilisema anayepatikana na hatia ya mauaji lazima ahukumiwe kifo, jaji hana nafasi ya kupima. Mwaka 2010 majaji wa Mahakama ya Rufaa walisema ulazima huo haupatani na Katiba. Mwaka 2013 majaji watano wa mahakama hiyo hiyo wakarudi nyuma: ulazima ubaki. Kwa hiyo watu wawili wenye kosa moja waliweza kupata majibu mawili kutoka mahakama moja.

Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya Muruatetu. Ilisema ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji ni kinyume cha Katiba, kwa sababu mshtakiwa ana haki ya kusikilizwa kabla ya kupewa adhabu, na jaji lazima awe na nafasi ya kupima. Adhabu ya kifo haikufutwa. Kilichofutwa ni ulazima. Na kupanga adhabu mpya hawakukufanya wao wenyewe. Walirudisha kesi Mahakama Kuu. Kila mtu na kazi yake.

Baada ya hapo mambo yakapita mpaka. Korti za chini, na Mahakama ya Rufaa pia, zilianza kutumia uamuzi huo kwa wizi wa mabavu na kwa makosa ya ngono, na kupunguza vifungo vilivyowekwa na sheria. Magerezani habari ikaenea, maombi yakawa mengi. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikaeleza: uamuzi wa 2017 ni wa mauaji tu. Anayetaka kupinga adhabu ya lazima ya kosa lingine, afungue kesi yake Mahakama Kuu, ijadiliwe huko kikamilifu, kisha ipande kwa ngazi.

Halafu ikaja kesi iliyoamuliwa tarehe 12 Julai 2024. Mtu mmoja alipatikana na hatia ya kunajisi mtoto na kufungwa miaka 20, ambayo ndiyo adhabu ya chini kabisa iliyowekwa na sheria ya 2006 kwa mtoto wa umri ule. Mahakama Kuu ilikubali. Mahakama ya Rufaa ikapunguza hadi miaka 15. Mkurugenzi wa Mashtaka akaenda Mahakama ya Juu, nayo ikasema Mahakama ya Rufaa ilitoka nje ya mamlaka yake. Miaka 20 ikarudi.

Kuna watu watakaosema hiyo ni ukali, na kwamba kila kesi ipimwe peke yake. Hoja hiyo ina uzito, na wapo mawakili na majaji wanaoishikilia. Wengine watasema mtoto analindwa na adhabu inayojulikana. Vikundi vinaweza kulijadili. Lakini jambo moja halina ubishi: kwa kifungu cha 163 cha Katiba, Mahakama ya Juu ikishaamua, korti nyingine zote zinafungwa na uamuzi huo.

NA MASLAHA JE?

Hapa kwetu tuna korti ambayo haimo katika ngazi zile nne. Ni wazee chini ya mti, na maslaha. Tunawaheshimu wazee. Maslaha imezima vita vya koo na koo ambavyo korti isingeweza kuvizima, na Katiba, kifungu cha 159, inatambua njia za kienyeji za kusuluhisha migogoro. Lakini Katiba hiyo hiyo inaweka mpaka: njia hizo zisivunje haki za mtu wala sheria iliyoandikwa.

Watu wengi Kaskazini Mashariki wamesikia kesi moja ya mauaji iliyotokea Eastleigh, Nairobi, mwaka 2011. Familia mbili zilipatana, diya ikalipwa kwa ngamia na mifugo mingine. Mwaka 2013 upande wa mashtaka uliomba kuondoa kesi na jaji wa Mahakama Kuu akakubali. Tangu hapo watu husema, "Korti imekubali diya."

Tuangalie vizuri. Kwanza, wazee hawakuiondoa kesi. Mkurugenzi wa Mashtaka aliomba, na kwa kifungu cha 157 cha Katiba hawezi kuondoa kesi bila ruhusa ya korti. Pili, huo ni uamuzi wa jaji mmoja wa Mahakama Kuu. Jaji mwingine wa Mahakama Kuu hafungwi nao, na wengine wamekataa maombi kama hayo. Anayelipa diya akidhani amenunua mwisho wa kesi anaweza kulipa, na bado akaitwa kizimbani.

Kwa makosa ya ngono tunasema wazi zaidi. Sheria ya 2006 inasema uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka si wa polisi. Umewekwa kwa mkuu wa mashtaka wa serikali. Wazee hawakutajwa, wala chifu. Msichana aliyenajisiwa akienda kuchota maji, kisha ngamia wakapewa baba yake, yeye amepata nini? Na kwa kuwa jambo halikufika kwa hakimu, hakuna P3, hakuna ushahidi ulioandikwa. Akikua na kutaka haki, hata Mahakama ya Juu haina cha kusoma.

TUFANYE NINI?

Nguvu za kikundi ziwekwe chini, mahali ambapo kesi inajengwa:

- Siku ya kwanza. Ripoti polisi na uandike namba ya O.B. mahali pa salama. Aliyenajisiwa apelekwe hospitali upesi kabla ya kuoga, na nguo zisifuliwe.

- Shahidi afike. Kikundi kinachochangia harusi na mazishi kinaweza kuchangia pia nauli ya shahidi kutoka Liboi kwenda Garissa. Nauli hiyo ina faida kuliko pesa nyingi za rufaa baadaye.

- Lugha. Mshtakiwa ana haki ya mkalimani bila malipo. Shahidi naye aseme mapema kama anajua Kisomali peke yake. Neno lililotafsiriwa vibaya kwa hakimu litasomwa hivyo hivyo mpaka juu.

- Siku 14. Aliyehukumiwa na hakimu ana siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufaa, ilani ya rufaa pia hutolewa ndani ya siku 14. Aliye gerezani anaweza kukabidhi rufaa yake kwa mkuu wa gereza. Aliyechelewa anaweza kuomba korti imwongezee muda, lakini lazima atoe sababu nzuri.

- Wakili. Anayeshtakiwa kwa mauaji bila uwezo hupewa wakili na serikali katika Mahakama Kuu. Kwa kesi nyingine, ulizeni juu ya msaada wa kisheria chini ya sheria ya 2016.

- Kabla ya kuuza mnyama kwa ajili ya rufaa, ulizeni swali moja: "Tunalalamikia ukweli, adhabu, sheria, au Katiba?" Jibu litawaonyesha kama mlango uko wazi.

Na kama rufaa zote zimekwisha, kisha ukapatikana ushahidi mpya wenye nguvu? Kifungu cha 50 cha Katiba kinaruhusu kuomba kesi isikilizwe upya. Ombi hilo hupelekwa Mahakama Kuu. Tazameni: hata mlango huu wa mwisho unarudi chini, kwa sababu ukweli unatafutwa chini.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni mambo gani ya jinai yanayomalizwa kwa maslaha? Nani hukaa kwenye kikao, na nani haitwi?

2. Ni nini kinachozuia mashahidi wetu kufika Garissa: nauli, hofu, lugha, au shinikizo la ukoo? Kikundi kinaweza kuondoa lipi mwaka huu?

3. Je, ni haki sheria iweke adhabu ya chini kabisa, au korti iachiwe kupima kila kesi? Toeni sababu za pande zote mbili.

4. Nani kati yetu anaweza kuwa mwangalizi wa siku 14, yule wa kukumbusha familia tarehe isipite?

Katibu wa kikundi aandike majibu. Mkutano unaofuata uanze kwa kuyasoma.